Siku tisa na ddrescue: nilivyozipata faili zangu kutoka kwenye NAS iliyokufa

Kwa siku tisa niliishi na dirisha moja jeusi lenye tarakimu nyeupe. Mstari niliouchungulia kuliko yote ni ule unaohesabu muda uliopita tangu diski isomeke kwa mara ya mwisho. Ukionyesha sekunde sifuri, napumua. Ukifika dakika mbili, nainuka, nazunguka chumba, narudi kukaa. Dirisha hilo ni la GNU ddrescue, programu ya bure aliyoiandika Antonio Diaz Diaz, na leo nataka kuisifu kwa kirefu pamoja na wenzake wachache niliowatumia, kwa sababu walipomaliza kazi yao nilikuwa na faili zangu tena.

Mimi ni mfasiri. Kwenye NAS yangu, sanduku dogo la diski nne lililochomekwa kwenye ruta, nilikuwa nimeweka kazi ya miaka 12: faharasa ya istilahi yenye maingizo zaidi ya 9,400, kila ingizo na sentensi nilimolikuta neno, rekodi 312 za sauti za wazungumzaji wakiyatamka na kuyaeleza maneno hayo, na picha za kadi nilizoandika kwa mkono kabla sijawa na hifadhidata yoyote. Faharasa ilikuwa na nakala kwenye kompyuta yangu ya kubebeka, ya miezi saba nyuma. Rekodi hazikuwa na nakala popote. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba RAID, mpango wa kuziunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, ndiyo nakala yenyewe, na hapo ndipo nilipokosea. RAID inakukinga diski moja ikifa ghafla. Haikukingi na kosa la mkono wako, wala na sanduku lenyewe kuharibika, wala na diski ya pili kufuata ya kwanza.

Na ya pili ilifuata. Diski zangu zilikuwa nne za terabaiti 4 kila moja, zimepangwa kwa RAID 5, mpango ambao diski moja ikitoweka, yaliyokuwemo hukokotolewa kutoka kwa zile zilizobaki. Ukiwa na namba tatu na jumla yake, mojawapo ikifutika unaipata kwa kutoa. RAID 5 inafanya jambo la namna hiyo kwa kila kipande cha data, na ile "jumla" inaitwa pariti. Diski namba 3 ilianza kugonga usiku mmoja, mlio mkavu wa sekunde moja moja, tak, tak, tak, halafu kimya, halafu tena. Sanduku likaitupa nje ya kundi. Nikaweka diski mpya kama maelekezo yanavyosema, nikabonyeza kitufe cha kurekebisha, nikaenda kulala. Asubuhi taa mbili zilikuwa nyekundu. Ujenzi ulifika asilimia 61, kisha diski namba 1 nayo ikakutana na sehemu isiyosomeka ikatupwa nje. RAID 5 haiwezi kuishi ikipoteza diski mbili. Folda zote zikatoweka kwa pamoja.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba tukio hili si bahati mbaya ya ajabu. Diski zote nne nilizinunua siku moja, zikazunguka saa zilezile, zikazeeka pamoja. Kisha kujenga upya ni kuzilazimisha zile zilizobaki zisomwe kutoka sekta ya kwanza, yaani kipande kidogo kabisa ambacho diski inasoma, hadi ya mwisho bila kupumzika. Kwa kundi langu hiyo ni terabaiti 12. Vipimo vya diski nyingi za kawaida vinaahidi kwamba kosa lisilosomeka halitazidi moja kwa kila biti 100,000,000,000,000, yaani kama terabaiti 12.5. Hayo ni ya karatasini, na diski nyingi hufanya vizuri kuliko ahadi hiyo, lakini ukiziweka namba hizo mbili kando kwa kando unaona kwa nini usiku wa kujenga upya ndio usiku wa hatari kuliko yote.

Niliwaandikia watengenezaji wa sanduku. Mhudumu akanijibu upesi na kwa heshima: chomoa diski zote, zirudishe, kisha bonyeza kitufe cha kuanzisha hifadhi. Nilikifungua kidirisha cha kitufe hicho nikakisoma polepole. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kiliandika kwamba data zote zilizomo kwenye diski zitafutwa. Nilizima sanduku, nikachomoa waya wa umeme. Kama kuna hatua moja katika mkasa huu ninayojivunia, ni hiyo ya kuchomoa waya. Mpaka leo inaniuma nikiwaza ni wangapi waliopewa jibu hilohilo wakalitii.

Kitu cha kwanza ninachotaka msomaji mwenye shida kama yangu akijue ni kwamba sanduku lenyewe si lazima ulitumie tena. NAS nyingi za nyumbani, ndani yake, ni kompyuta ndogo inayoendeshwa na Linux, mfumo endeshi wa bure. Kundi la diski linasimamiwa na mdadm, programu ileile iliyomo kwenye Linux yoyote. Juu yake mara nyingi kuna LVM, tabaka linalogawa nafasi ya kundi, na juu ya LVM mfumo wa faili, unaopanga majina na folda, wa ext4 au Btrfs. Sanduku likifa, diski zinaweza kusomwa kwenye kompyuta ya mezani ya kawaida. Nilitumia SystemRescue, Linux inayowaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye kompyuta, na ddrescue, mdadm, smartctl (ya kupima afya ya diski) na TestDisk (ya kutafuta sehemu za diski zilizopotea) zote zimo ndani yake tayari.

Kabla ya kuchomoa diski nilibandika utepe kwenye kila moja: namba ya nafasi yake kwenye sanduku na tarakimu nne za mwisho za namba ya mfululizo. Fanya hivyo hata kama unadhani utakumbuka. Linux inazipa diski majina kama sda, sdb, sdc kwa kadiri ilivyozikuta, na ukizima na kuwasha tena majina yanaweza kubadilishana. Diski iliyokuwa chanzo jana inaweza kuwa na jina la diski ya kuandikia leo. Kila mara nilipowasha kompyuta nilianza kwa kulinganisha namba ya mfululizo kwenye skrini na ile ya kwenye utepe, kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu.

Nilizichomeka kwa kebo za SATA moja kwa moja kwenye ubao mama. Nilijaribu kwanza adapta ya USB, na kila diski namba 1 ilipokwama, adapta ilijizima na kujiwasha na diski ikapotea kwenye orodha. Kisha nikaisoma hali ya kila diski kwa smartctl. Sifa ya kuangalia ni namba 197, inayohesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanye nini. Kwa diski namba 2 na 4 ilikuwa sifuri. Kwa namba 1 ilikuwa 48. Namba 3 sikuiwasha tena kabisa. Diski inayogonga ina vichwa vya kusomea vilivyoharibika au visivyojua vilipo, na kila sekunde inayozunguka vichwa hivyo vinaweza kukwangua sahani. Sikuihitaji pia, maana RAID 5 ya diski nne inasimama kwa tatu. Nilichohitaji ni namba 1, mgonjwa aliyekuwa bado anaongea.

Hapa ndipo ddrescue inapoonyesha ufundi wake. Programu ya kawaida ya kunakili ikikuta sekta mbovu, husimama, au hung'ang'ania palepale huku diski ikijichosha. ddrescue hufanya kama mtu anayeokoa vitu kwenye nyumba inayoungua: hubeba kwanza kilicho karibu na mlango. Inasoma vipande vikubwa kwenye maeneo mazima, ikikuta tatizo inaruka mbele na kuendelea, inaacha alama, na inarudi baadaye. Ikishamaliza mazima yote ndipo inaanza kunyofoa kingo za maeneo mabovu, kisha inaingia ndani yake sekta moja moja, na mwisho kabisa, ukiiruhusu, inajaribu tena zile zilizokataa. Kwa hiyo diski ikifia njiani, tayari umepata sehemu kubwa kuliko njia nyingine yoyote ingekupa.

Na yote hayo inayaandika kwenye faili moja ya maandishi, ramani. Ukiifungua unaona mistari yenye mahali, urefu, na alama: kujumlisha kwa palipookolewa, kutoa kwa sekta mbovu, alama ya kuuliza kwa pasipoguswa bado. Niliipenda ramani hii kuliko kitu kingine chochote katika kazi nzima. Siku ya pili umeme ulikatika. Kompyuta ilipowaka nikaandika amri ileile, na ddrescue ikaisoma ramani na kuendelea kutoka pale ilipoishia, bila kuigusa tena hata sekta moja iliyokwisha kuokolewa. Kwa diski ambayo kila usomaji unaweza kuwa wa mwisho, jambo hilo lina uzito mkubwa. Angalizo moja tu: ramani iweke kwenye diski isiyo na hitilafu, na siyo kwenye flashi ya SystemRescue ambayo kwa kawaida inasahau kila kitu ukizima.

Nilinunua diski moja ya terabaiti 16 ikae na picha za diski tatu, yaani nakala zake kamili baiti kwa baiti, kama faili tatu. Mzunguko wa kwanza wa diski namba 1, nikiiambia isiingie kwenye maeneo mabovu kwanza (chaguo la -n, pamoja na -d ili isome diski moja kwa moja), ulichukua saa 11 na kitu. Ulipoisha, megabaiti 41 tu ndizo zilikuwa bado nje. Skrini iliandika asilimia 99.99, na nilikaa nikiitazama namba hiyo kwa muda mrefu, kwa sababu jana yake nilikuwa nimeshaanza kuomboleza. Namba 2 na 4 zilinakiliwa zote bila kosa hata moja. Usiziruke hizo nzima. Nazo zina umri uleule, na kila unachofanya baadaye utakifanya kwenye nakala.

Mzunguko wa kuingia sekta kwa sekta ulichukua siku nne. Ndio uliokuwa mgumu kwangu. Kasi inashuka hadi baiti mia chache kwa sekunde, diski inakoroma, inanyamaza, inakoroma tena. Niliweka feni ndogo iipulizie. Niliijaribu pia kwa mwelekeo wa nyuma, chaguo la -R, na kuna maeneo yaliyokataa kusomeka kwa mbele yakakubali kwa nyuma. Megabaiti 41 zikawa 9, zikawa 2, na mwisho zikabaki sekta 424, kilobaiti 217. Diski hizi kwa ndani zinapanga data kwa vipande vya baiti 4,096, ambavyo ni sekta nane nane, kwa hiyo matundu yangu yalikuwa 53 kamili. Matundu 53 kwenye terabaiti 4. Niliiruhusu ijaribu mara tatu zaidi, haikupata kitu, nikaizima diski namba 1 kwa heshima.

Sasa jambo ambalo sikuliona likielezwa vya kutosha, na lililonifanya niipe programu hii alama zote. Kujua kwamba umepoteza kilobaiti 217 hakukusaidii kama hujui ni za faili gani. ddrescue ina uwezo wa kujaza: unaipa faili yenye maandishi yoyote, nayo inakwenda kwenye nakala, inasoma ramani, na kila penye alama ya kutoa inaandika maandishi yako. Niliandika neno moja, HAPAPAMEKUFA, bila nafasi. Ikalijaza kwenye matundu yote 53. Baadaye, faili zikishaonekana, ningetafuta neno hilo ndani ya kila faili, na faili itakayokuwa nalo ndiyo iliyojeruhiwa.

Lakini kwanza kundi lilipaswa kusimama. Hii ni kazi ya mdadm, na mdadm ni chombo kizuri kisicho na huruma. Amri yake ya kuchunguza, --examine, haiandiki chochote, na inakuambia yote: kundi ni la aina gani, vipande vina ukubwa gani (vyangu kilobaiti 64), diski hii ilikaa nafasi ya ngapi, na hesabu ya matukio, namba inayopanda kila kundi linapobadilika. Namba 2 na 4 zilikuwa na hesabu sawa. Namba 1, iliyotupwa nje mwishoni, ilikuwa nyuma kwa matukio matatu. Tofauti ndogo namna hiyo ina maana kwamba karibu kila kitu kilichomo bado kinakubaliana, na --assemble pamoja na --force inaikubali. Kama ingekuwa nyuma kwa maelfu, ningejua kwamba ilikufa zamani na kuiingiza kungechafua kila kitu.

Kuna amri nyingine, --create, ambayo utaiona imependekezwa kila mahali kana kwamba ni dawa ya kikohozi. Inaandika vichwa vipya vya kundi, yaani kumbukumbu ya mpangilio wake, juu ya vile vya zamani. Ukikosea mpangilio wa diski, au ukubwa wa kipande, au mahali data inapoanzia, hutaona hitilafu yoyote mpaka ujaribu kufungua faili, na wakati huo kumbukumbu ya mpangilio wa kweli imeshafutwa. Tafadhali usiiguse kwenye diski halisi.

Mimi nilizifungua picha zangu tatu kwa kusoma tu, nikaweka juu yake tabaka jembamba la muda, ambalo chochote kinachoandikwa kinaingia humo bila kuigusa picha. Linux inalo hilo ndani yake, kwa dmsetup. Linachosha kulipanga mara ya kwanza, nilitumia jioni nzima, lakini linakupa uhuru wa kukosea: ukiharibu, unatupa tabaka na kuanza upya baada ya dakika moja. Nilikosea mara mbili. Mara ya tatu mdadm ikajibu kwamba kundi limeanzishwa na diski 3 kati ya 4. Nikaamsha LVM, nikaufungua mfumo wa faili kwa ro,noload, yaani kusoma tu na bila kuichezesha upya kumbukumbu yake ya mabadiliko. Nikaandika ls, amri ya kuorodhesha faili.

Folda zilikuwepo. Zote, na majina yake, na tarehe zake. Folda ya rekodi ilikuwa na faili 312. Nililia, na sioni haya kulisema.

Nilinakili kila kitu kwenye diski nyingine kabla sijafungua hata faili moja. Kisha nikalitafuta neno langu. HAPAPAMEKUFA lilionekana kwenye faili nne: rekodi mbili, picha moja ya kadi, na hati moja ya tafsiri. Matundu mengine yalikuwa yameangukia nafasi tupu au faili zilizofutwa zamani.

Niliposherehekea nikakumbuka pariti. Diski namba 3 haikuwepo. Yaliyokuwemo yalikokotolewa kutoka kwa tatu zilizobaki. Palipo na tundu kwenye namba 1, hesabu ya namba 3 kwa mahali hapohapo nayo inatoka takataka, na takataka hiyo haina neno langu. Tundu moja linaweza kuzaa la pili lisiloonekana. Kwa rekodi niliokolewa na uamuzi wa zamani: nilizihifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayobeba ndani yake alama ya uhakiki ya sauti nzima. Niliendesha flac -t kwenye zote 312. Tano zilikuwa na kasoro, mbili zilizojulikana na tatu mpya. Hati za kisasa za maandishi kwa ndani ni faili za ZIP, nazo zina uhakiki wake, unzip -t inatosha kuupima. Ikanionyesha ileile moja. Ningekuwa nimehifadhi sauti kwa WAV, isiyo na alama hiyo, ningelazimika kuzisikiliza zote.

Niliifungua ile picha ya kadi kwa hofu. Ni TIFF isiyobanwa, na jeraha lilikuwa mstari mmoja wa kijivu kilichokolea, mwembamba kama unywele, unaokatisha nusu ya upana wa kadi. Kila herufi ya HAPAPAMEKUFA ilikuwa imegeuka nukta ya rangi. Mwandiko wangu wa wakati ule unasomeka juu na chini yake bila shida. Rekodi nazo zilikubali kufunguliwa kwa chaguo la -F linaloiambia programu ipite juu ya makosa. Nne kati ya tano, ukimya uliangukia mahali mzungumzaji alipokuwa anavuta pumzi au anafunua ukurasa. Ya tano iliangukia neno lenyewe: anaanza, "mnya…", kisha pengo lisilofika nusu sekunde, kisha "…liko". Neno ni mnyambuliko.

Niseme pia kidogo kuhusu PhotoRec, ya Christophe Grenier, kwa sababu wengi huanzia hapo na mimi nilianzia hapo. Ni programu nzuri sana mahali pake, ambapo ni kadi ya kamera au flashi iliyofutwa kwa bahati mbaya. Haiangalii mfumo wa faili. Inatafuta sura za mwanzo wa faili, kwa mfano baiti FF D8 FF za picha ya JPEG, na kuvuta kinachofuata. Majina na folda hupotea. Kwenye diski moja iliyotolewa kwenye RAID 5 haifai, kwa sababu faili imekatwakatwa na kutawanywa. Chochote kilichozidi kilobaiti zangu 64 kilitoka nusu yake ya juu ikiwa picha na ya chini ikiwa vurugu ya rangi. Jioni niliyopoteza kwa kuiendesha juu ya diski namba 1 ilikuwa pia jioni ya kuichosha bure. Simamisha kundi kwanza.

Programu za kulipia sikuzihitaji, ila kama vichwa vya kundi vingekuwa vimefutwa ningezitafuta, maana zilizo nzuri zinakisia mpangilio zenyewe na kukuonyesha orodha ya faili kabla hujalipa. Na kama diski mbili zingekuwa zinagonga, hakuna programu yoyote duniani ingesaidia. Hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi. Watu bado wanashauri kuiweka diski kwenye friza, au kubadilisha ubao wake wa umeme na wa diski nyingine ya aina ileile. Friza inaleta unyevu juu ya sahani. Ubao nao, kwa diski za miaka hii, hubeba kipande cha kumbukumbu chenye vipimo vya diski hiyohiyo pekee, na bila kukihamisha diski haitaamka vizuri.

Kasoro za ddrescue zipo. Haina vitufe, ni amri tu, na ukigeuza chanzo na lengo itafuta ulichotaka kuokoa. Inachokuomba ni -f kabla ya kuandika juu ya diski nzima, na kinga hiyo ni ndogo. Jina lake linachanganywa na dd_rescue, programu nyingine ya mtu mwingine yenye amri tofauti, na maelekezo ya moja ukiyapeleka kwa nyingine utapata matatizo. Mwongozo wake ni mzuri lakini mrefu, nami ningefurahi kuuona kwa Kiswahili. Nimeshaanza kuorodhesha istilahi zake.

Picha tatu za diski bado zimo kwenye terabaiti 16, pamoja na ramani zake. Faharasa sasa ina nakala sehemu tatu, mojawapo nje ya nyumba yangu. Yule mzungumzaji nimempigia simu. Amekubali kulitamka tena lile neno moja, na ameniuliza kama nataka na mifano yake. Nimemwambia ndiyo, yote.